Binti Yangu na Kazi ya Magari ya Kukodi



Tangu nilipotoka Lamu nikaja Kitui kusomesha madrasa, nimeulizwa kuhusu kazi za kila namna. Kijana mmoja alitaka kujua hukumu ya kuwa mlinzi wa usiku katika hoteli inayouza pombe. Mama mmoja aliniuliza kuhusu kufua mashuka ya nyumba ya wageni ambayo sifa zake si njema. Mwaka 2018, kaunti ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga, walinijia madereva watatu jioni moja. Walitaka kujua kama ujira wa kubeba makaa usiku ni halali, maadamu mti umekatwa katika shamba la mtu mwenyewe. Wote hao niliwajibu kwa kadiri ya elimu niliyojaaliwa, nao wakaenda zao.

Mwaka huu suala limekuja nyumbani kwangu, na aliyelileta ni binti yangu.

Amehitimu shahada ya biashara, upande wa hesabu, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, safari fupi kwa matatu kutoka Kitui mjini. Baada ya kuhitimu alikaa nyumbani muda mrefu akiandika barua za kuomba kazi. Hatimaye barua moja ikajibiwa, na kampuni ya kukodisha magari. Jina lake nitalihifadhi. Ina ofisi Kitui na tawi Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Msomaji wa Mombasa anayepanda treni kwenda Nairobi ataiona stesheni ya Kibwezi mara tu baada ya Mtito Andei. Abiria wengi wanaoshuka pale huwa wana safari ya ndani zaidi, kwenda Ikutha, Mutomo au Kitui kwenyewe, na tangu barabara ile iliyovuka Mto Athi ilipotiwa lami, watu hawaogopi tena kukodi gari na kuliendesha wenyewe.

Biashara hii imekua sana tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Maofisa hukodi, mashirika ya misaada hukodi hasa wakati wa ukame, watu wa harusi hukodi, na watu wa mazishi hukodi kuliko wote, kwa sababu Mkamba akifa mbali na kwao lazima arudishwe azikwe katika ardhi yake. Magari mengi si ya kampuni. Mwalimu mstaafu ana Probox yake, mfanyabiashara wa Emali ana Prado, nao huyaweka kwa kampuni yakodishwe, wakagawana pato. Ukambani ni nchi ya watu waliozoea njia. Kabla ya reli, misafara yao ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, na kukodi mtu wa kubeba mzigo lilikuwa jambo la kawaida. Hata mji wa Sultan Hamud, katika Makueni hiyohiyo, umechukua jina la Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, ambaye alifika huko kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Lakini nisiwapeleke mbali.

Barua ilisema mshahara ni shilingi 35,000 kwa mwezi, kazi ya karani wa hesabu. Nyumbani kwetu fedha hizo zina jina na mwenyewe. Karo ya binti huyu, kwa sehemu kubwa, ilikopeshwa na mjomba wake, ndugu wa mke wangu. Mke wangu ni Mkamba, na kaka yake ni muumini wa kanisa, mtu wa kilimo na ng'ombe. Katika ukame wa mwaka 2022, wakati ng'ombe hawakuwa na bei, aliuza watatu ili mpwa wake afanye mtihani wa mwisho. Jumla ya deni ni shilingi 180,000, na hakutaka juu yake hata senti moja ya nyongeza. Ninawajua Waislamu waliosali safu ya mbele ambao wasingefanya hivyo. Ni yeye pia aliyempeleka binti kwa mwenye kampuni akamtaja kwa wema. Basi kukataa kazi ile kungekuwa ni kumrudishia mtu mwema wema wake usoni.

Asili ya kazi yenyewe haikunisumbua. Kukodisha ni ijara, na ijara ni katika miamala iliyo wazi kabisa. Unauza manfaa ya kitu, kitu chenyewe kinabaki chako. Kinachotakiwa ni manfaa yajulikane, muda ujulikane, na ujira ujulikane. Katika Surat al-Qasas tunasimuliwa habari ya Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na chochote, akaajiriwa kwa miaka minane au kumi. Napenda dada zetu wakumbuke kwamba aliyetoa shauri la kumwajiri alikuwa msichana, naye ndiye aliyetaja sifa mbili za mwajiriwa mwema, nguvu na uaminifu. Bibi Khadija (R.A.) naye alimkabidhi Mtume (S.A.W.) mali yake aende nayo Sham kwa ujira kabla hawajaoana. Na katika pwani yetu hii, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, alihimiza kusomeshwa watoto wa kike katika siku ambazo wengi waliliona hilo kuwa fitina. Sasa tumewasomesha. Hatuwezi kushangaa wanapotaka kuitumia elimu ile.

Kilichonisumbua kilikuwa ndani ya mkataba.

Tuliusoma baada ya Isha, mimi na yeye, chini ya taa ya sebuleni, mama yake akiwa upande wa pili anachambua pojo. Ukurasa wa kwanza na wa pili haukuwa na neno. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na kifungu kinachosema kwamba karani atakayetia saini fomu ya kutoa gari atakuwa mdhamini wa gari hilo mpaka lirudi, na likipotea au likiharibika, hasara itakatwa katika mshahara wake.

Mwenye kampuni hakukiandika kifungu hicho kwa uovu. Katika nchi hii kuna watu wanaokodi gari kwa siku mbili, kisha wakaliweka rehani kwa wakopeshaji, au likavushwa mpaka, au likafunguliwa likauzwa vipande vipande. Kifaa cha kufuatilia gari hung'olewa katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwalimu mstaafu ana Probox moja tu duniani, naye ana haki ya kulindwa. Lakini je, alindwe kwa mshahara wa msichana aliyekaa nyuma ya meza?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, na ndivyo tulivyosomeshwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi na sherehe zake, mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika mikononi mwake bila ya kuvuka mpaka wala kuzembea, hadaiwi. Na ukimshurutisha mtu wa amana awe mdhamini, shuruti hiyo ni batili. Nilimweleza binti yangu hivyo. Yeye akanyamaza kidogo, akaleta simu yake, akanisomea Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Maana yake ni kwamba mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Makusudi, Baba, akasisitiza, si bahati mbaya. Nikafurahi kuona kitabu cha Nawawi na kitabu cha Bunge vinakaa meza moja bila ya kugombana.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na ndilo lililoninyima usingizi. Kampuni ina ada mbili za kuchelewa. Ya kwanza ni ya mteja anayelikalisha gari kupita muda wake, ambaye hutozwa kwa kila saa. Ya pili ni ya mteja aliyekwisha kurudisha gari lakini hajalipa ankara, ambaye huongezewa asilimia mbili kila mwezi mpaka alipe. Ofisi za serikali ndizo zinazoongoza hapo. Kila mtu aliyefanya biashara na kaunti zetu anajua bili huweza kukaa mwaka mzima, au zaidi.

Nilikuwa najiandaa kusema, lakini binti akanitangulia. Akasema, "Baba, hizi hazifanani. Ile ya saa ni kodi ya gari, mtu amelitumia zaidi naye analipia alichotumia. Hii nyingine gari limesharudi, linalozaa ni deni."

Hakuna nilichoweza kuongeza. Ndivyo hasa. Saa za ziada ni manfaa yaliyotumika, na kila manfaa yana ujira wake. Asilimia mbili juu ya deni ni riba, jina lolote litakalopewa. Na karani wa hesabu ndiye atakayeiandika, mwezi hadi mwezi, kwa kalamu yake. Wasomaji wanaijua hadithi sahihi ambayo Mtume (S.A.W.) amewaweka pamoja katika laana anayekula riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili. Nimeisomesha hadithi hiyo mara zisizo idadi. Haikuwahi kuwa nzito kifuani mwangu kama usiku ule, mwandishi anayetajwa alipokuwa na sura ninayoijua tangu alipozaliwa.

Mke wangu alikuwa amemaliza pojo. Akasema, bila ya kuniangalia, "Watoto wa watu huwajibu kabla chai haijapoa. Huyu wako hii ni wiki ya pili."

Ni kweli. Kumjibu mtoto wa mtu ni rahisi kwa sababu hulali naye chini ya paa moja na deni lake.

Watu wa nyumbani walikuwa na rai zao. Bibi yake mzaa mama, ambaye sote twamwita susu kwa Kikamba, alisema mtoto aliyesomeshwa kwa ng'ombe asikalishwe nyumbani akahesabu vigae. Mwenzangu mmoja wa msikitini alisema wasichana wetu wangoje kazi za ualimu wa madrasa. Nilimuuliza madrasa gani inayomlipa mwalimu wake ipasavyo. Yangu hainilipi. Tukaliacha.

Likabaki suala la safari. Mara mbili kwa mwezi karani hutakiwa aende Kibwezi kukagua vitabu na magari ya tawi, na kampuni humpeleka kwa gari lake pamoja na dereva. Kutoka Kitui hadi Kibwezi ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa yake vichaka na vijiji vilivyo mbalimbali. Mwanamke na dereva asiye maharimu wake peke yao katika njia ile ni faragha iliyokatazwa, wala sioni nafasi ya kuitafutia hila. Kuhusu mwanamke kusafiri bila ya maharimu, wanavyuoni wana maneno marefu. Wengi wamezuia, wengine wamelegeza pale njia inapokuwa ya amani na penye wanawake wenzake waaminifu. Mimi nimechukua kauli ya pili katika jambo hili, kwa safari ya mchana ya kwenda na kurudi, katika matatu yenye abiria, pamoja na mfanyakazi mwenzake wa kike. Anayeona tofauti ana hoja zake, nami sitamgombeza.

Kuna waliouliza: je, mteja akikodi gari akabebea pombe, au akaenda nalo kwenye maasi? Wanavyuoni wamelizungumza jambo hili tangu zamani katika mfano wa kumuuzia zabibu mtu anayetengeneza mvinyo. Ukijua kwa yakini, usimpe. Ukidhani tu, ni karaha. Usipojua, hukuamrishwa kumpekua kila mtu. Na bima? Ile ya lazima ya kumlinda mtu wa tatu barabarani imeamriwa na sheria ya nchi, wala si binti yangu aliyeitunga. Anayetaka njia iliyo safi zaidi ajue kwamba takafuli ipo Kenya tangu 2011.

Mama yake alimwambia asali istikhara, naye akasali. Hapa naomba nafasi ndogo, kwa sababu dada wengi hunipigia simu kunieleza ndoto. Istikhara ni rakaa mbili na dua. Unamwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lenye kheri kwako katika dini yako na maisha yako, kisha unaendelea na jambo lako kwa kushauriana na kutafuta habari. Haikushurutishwa ndoto, wala rangi ya kijani, wala ndege. Binti yangu hakuota kitu. Aliamka Alfajiri, akasali, akapiga pasi buibui lake, akachukua mkataba na kwenda nao ofisini kuzungumza.

Sikwenda naye. Nilitaka kwenda, nikavaa hata kanzu, lakini mama yake akaniambia nimwache.

Alirudi Adhuhuri. Kifungu cha udhamini kilifutwa. Alipowaonesha kifungu cha 19, mwenye kampuni alimpigia simu wakili wake, wakakubaliana kuandika kwamba karani atadaiwa tu akikiuka kwa makusudi taratibu za kutoa gari, yaani kutazama kitambulisho, leseni na amana ya mteja. Juu ya Kibwezi hawakuwa na shida, na nauli watamlipa. Juu ya sala hawakuwa na shida pia. Adhuhuri huangukia saa ya chakula, na Alasiri atapewa dakika zake. Hijabu haikutajwa na mtu.

Asilimia mbili ilibaki. Mwenye kampuni alimwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe ana mkopo wa benki juu ya magari matano, na kaunti ikichelewa kumlipa, benki haimngojei. Hawezi kuifuta. Lakini kama kuandika ankara hizo kunamkera katika dini yake, ipo meza nyingine, ya kutoa na kupokea magari. Mshahara wa meza hiyo ni shilingi 27,000.

Usiku ule tukakaa tena. Shilingi 8,000 kwa mwezi si mchezo kwa nyumba kama yetu. Nilimweleza hukumu kama ilivyo: kufanya kazi halali kwa mtu ambaye mali yake imechanganyika, jamhuri ya wanavyuoni wetu hawakuifanya haramu, maadamu ujira wako si hiyo haramu yenyewe kwa yakini. Mtume (S.A.W.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina, naye alifariki hali ngao yake imewekwa rehani kwa mmoja wao kwa shayiri ya kuwalisha watu wake. Basi meza ya magari ni halali, na ya ankara sikuiona hivyo. Lakini sikumwamuru. Ana miaka 24, na deni ni la karo yake.

Akauliza swali moja tu, kuhusu kazi ya meza ile. Gari likirudi, karani hulizunguka akatafuta mikwaruzo, na kila mkwaruzo hukatwa katika amana ya mteja. Je, na huyo mteja naye si mtu wa amana? Naam, nikamwambia, hata yeye hadaiwi ila alichokiharibu kwa uzembe au kwa kuvuka mpaka. Kwa hiyo gari linapotoka, andika kila mkwaruzo uliokuwepo, hata uliojificha chini ya bampa, umwoneshe mteja na atie saini. Andika mafuta, andika kilomita. Waliotishwa katika Surat al-Mutaffifin ni wale wanaojipimia kikamilifu na kuwapunja wengine, na fomu ile ni mizani kama mizani ya sukari.

Asubuhi alisema atachukua meza ya magari.

Kilichobaki kilikuwa mjomba. Binti alikuwa amepanga kumlipa shilingi 10,000 kila mwezi, deni liishe kwa miezi 18. Kwa mshahara mdogo ataweza 5,000, na itakuwa miezi 36. Ilikuwa juu yangu kwenda kumweleza shemeji yangu kwamba fedha za ng'ombe wake zitachelewa mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya jambo ambalo katika dini yake huenda halina uzito uleule. Nilimkuta shambani akirekebisha matuta ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Shemeji," akasema, "kwa hiyo mtoto amekataa elfu nane ili asiandike riba?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na mimi ndiye niliyemkopesha bila riba."

Nikamwambia ndiyo.

Akacheka sana, akaita chai. Nilitoa karatasi mfukoni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni, nami sikuona sababu ya kuiacha kwa kuwa mdai ni ndugu. Mwanzoni alikataa, akaniuliza mbona namwandikia kama mtu wa benki. Nikamwambia binadamu hufa, na watoto wake wanastahili kujua walichonacho. Hapo akatulia, akaomba kalamu. Tuliandika kiasi, miezi 36, na kwamba akipatwa na dhiki binti atalipa mapema kadiri atakavyoweza. Mashahidi walikuwa wawili, jirani yake na mwanawe mkubwa.

Binti alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Mwisho wa mwezi alipeleka 5,000 za kwanza, na mjomba akampa kuku arudi naye. Nakala moja ya karatasi iko kwa mjomba. Ya pili susu ameitia katika sanduku lake la bati, pamoja na hati ya shamba.